Shangazi, mimi nataka kurudi Uingereza, mume wangu anasema yeye hana pa kurudi

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia saa nane usiku, nimetoka shifti na usingizi umegoma. Naomba usiweke jina langu maana huku Houston Waswahili tunajuana wote, ukikohoa upande huu wa mji upande wa pili wameshauliza una nini.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, wazazi walinipeleka Northampton nikiwa na miaka kumi, 1998, nikakulia huko, uraia wa Uingereza nikapata huko huko 2005 na unesi nikasomea huko. Mume wangu ni Mmarekani. Nilikutana naye akiwa jeshi lao la anga, pale kambi ya Lakenheath kule Suffolk, alikuwa fundi wa mitambo ya AC. Tukaoana 2010, akamaliza mkataba wake, nikamfuata kwao Texas. Sasa ni miaka kumi na tano na ushee. Tuna watoto wawili wote wamezaliwa huku, binti atatimiza 15 Oktoba hii ya 2026 na mvulana ana 9.

Shangazi, mama yangu alipata kiharusi mwaka jana mwezi wa tisa. Mkono na mguu wa kulia umelegea na maneno anayatafuta kama mtu anayetafuta funguo gizani. Kaka yangu yuko Milton Keynes, kila siku akitoka kazini anapitia kwa mama, ila mzigo wenyewe kaubeba wifi yangu, yeye ndo anayemwogesha, kumbadilisha, kumlisha. Juzi kaniambia kwenye simu, kwa upole tu, wifi mi sijamchoka mama, nimechoka mwili. Nimekaa na hilo neno wiki mbili.

Na huku nako nimechoka, nisikufiche. Mwaka juzi kimbunga Beryl kilipita tukakaa siku sita bila umeme, Julai ya Houston, watoto tunawalaza kwenye vigae. Mwanangu alivunjika mkono uwanjani, bima tunayo, tena ya kazini, na bado tukalipa zaidi ya dola elfu nne. Lakini kilichonimaliza ni siku aliporudi shule ananieleza kwa furaha kabisa kwamba mwalimu kamsifu, yeye ndo aliyekaa kimya kuliko wote kwenye zoezi la kujificha mtu mwenye bunduki akiingia. Nikampa hongera alafu nikaenda kulia bafuni.

Nimemwambia mume wangu turudi Uingereza. Hakupiga kelele, yeye si mtu wa kelele, aliniangalia tu akasema, wewe unarudi, mimi narudi wapi? Ana mama yake hapa, ana miaka 72. Ana kazi nzuri, kampuni inamwamini, na anauliza fundi wa AC ataenda kula nini kwenye nchi ambayo AC yao ni kufungua dirisha. Nyumba tulinunua 2020, riba haifiki asilimia 3, anasema hatutakaa tuipate tena. Anachopendekeza yeye ni tusubiri hadi 2030, binti amalize haiskuli, alafu tuhame wakati yeye anaanza chuo. Na binti mwenyewe anataka chuo cha Uingereza, kichwa chake chote kiko Manchester, kwa hiyo kidogo nikaona sawa, si ana haki ya paspoti ya Uingereza kupitia kwangu?

Ila mama atanisubiri hadi 2030?

Pesa nazo zinanitisha. Hapa na ovataimu napata kama dola 88,000 kwa mwaka. Nimeangalia nesi wa Band 5, daraja la kuanzia la manesi wa NHS, huduma ya afya ya serikali kule, mwaka 2025/26 alianzia paundi 31,000 na kitu, nikafunga laptop. Kuhusu viza ya mume nimesikia wanataka kipato cha paundi 29,000, yeye anapata mara mbili ya hiyo kwa hiyo nadhani hapo hapana shida. Au aje kwanza kama mgeni tu alafu tumbadilishie huko huko? Mimi huku bado niko na grinikadi, uraia sijachukua, ni uvivu tu na ile ada yao.

Nisaidie Shangazi. Naonekana nachagua kati ya mama na mume.

Mama Wawili, Houston

N.B. Kama tukienda, nibebe nini? Nina friza kubwa ya kulala, blenda ya nguvu, oveni ya mezani, na mbuzi ya nazi ambayo mama alitoka nayo Tanga.

*

Marahaba mwanangu. Pole sana na mama, Mungu amnyanyue. Na wifi yako mfikishie salamu zangu, yule mtu ana thawabu zake zimekaa mahali.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nakwama pale pale kwa mumeo. Wewe unarudi, mimi narudi wapi. Umeiandika kama vile ni ubishi wake, mimi naona ndo neno la kweli kuliko yote humo ndani. Nyinyi wawili mnabishana juu ya safari mbili tofauti mkidhani ni moja. Wewe utarudi. Yeye atahama, na watoto watahama, na mtu anayehama anaogopa vitu ambavyo anayerudi havioni kabisa.

Hebu kumbuka mwaka wako wa kwanza Houston. Hukunisimulia ila sisi tulioolewa ng'ambo tunaujua, huna leseni ya gari, leseni ya unesi bado, hujui duka gani linauza nini, unakaa ndani unamsubiri mtu arudi kazini ndo akupeleke kununua sabuni. Mtu mzima umekuwa mtoto tena. Hicho ndicho unachomwomba akifanye akiwa na miaka arobaini na kitu. Na usiniambie Uingereza ameshakaa! Kambini Lakenheath kuna duka lao, hospitali yao, burger zao, mshahara unaingia kwa dola. Yule hakukaa Uingereza, alikaa Marekani yenye mvua.

Hata wewe mwenyewe, mwanangu, usijidanganye sana na hilo neno kurudi. Northampton uliyoiacha 2010 ilikuwa ndani ya Umoja wa Ulaya. Ile halmashauri ya kaunti iliyokusomesha ilifilisika 2018 na 2021 ikafutwa kabisa, sasa mama yuko chini ya West Northamptonshire. Mimi niliporudi Reading kutoka New Jersey baada ya miaka 11, mtu mwenye paspoti nyekundu tangu utoto, kampuni ya simu ilininyima laini ya mkataba kwa sababu sikuwa na historia yoyote ya mkopo, kwao mimi nilikuwa nimezaliwa wiki ile. Nililia dukani kama mjinga. Kwa hiyo nenda ukijua kwamba na wewe unahama kidogo.

Sasa hilo la 2030. Hapa naomba umpe simu mumeo asome mwenyewe, mtafsirie, maana mpango wake una busara ukiusikia ila una shimo katikati.

Chuo cha England hakiangalii paspoti peke yake. Mwanafunzi anayehesabiwa mwenyeji analipa ada isiyozidi paundi 9,535 kwa mwaka, hiyo ilikuwa ya 2025/26, na anapata mkopo wa serikali. Anayehesabiwa mgeni, kozi nyingi zinaanzia juu ya 20,000, nyingine zinapita 30,000, na mkopo hapati. Na ili mtoto wako ahesabiwe mwenyeji, paspoti anayo sawa, lakini kwa kawaida lazima awe amekuwa mkazi wa Uingereza kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kozi kuanza, kwa kozi za vuli wanahesabu kuanzia tarehe 1 Septemba. Mkihama kiangazi cha 2030 anapoanza chuo, binti yako mwenye paspoti ya Uingereza, mama yake Mwingereza, bibi yake yuko Northampton, atalipa kama mtu aliyetoka Texas, kwa sababu ndivyo alivyo. Kozi ya miaka mitatu hapo mmetupa pesa ambayo ingelipia mengine yote unayoyaogopa.

Basi hesabu tuirudishe nyuma. Ili 2030 awe mwenyeji, awe ameshahamia kabla ya Septemba 2027. Sawa, mtasema twende 2027. Lakini aliyezaliwa Oktoba 2011 Septemba 2027 anaingia Year 11, na huo ndo mwaka wa mwisho wa GCSE, ile mitihani yao ya kama Form Four, inaanza Mei, wenzake silabasi wameianza mwaka mmoja kabla, riwaya walizosoma yeye hajaziona. Ni kumtupa mtoto kwenye maji ya kina. Septemba hii ya 2026 ndo anaingia Year 10, kila mtu anaanza GCSE ukurasa wa kwanza pamoja naye. Kwa hiyo mwanangu tarehe yenu haijapangwa na mama wala na mume, imepangwa na cheti cha kuzaliwa cha binti yenu, na inasema Agosti. Mkishindwa Agosti haina maana dunia imekwisha, anaweza kuja akiwa 16 akaanza A-level, alafu akasubiri mwaka mmoja afanye kazi dukani akaingia chuo 2031. Lakini mjue mnachagua nini, msije mkasema hatukujua.

Umuulize na yeye mwenyewe pia. Mtoto wa miaka 14 kumng'oa kwa marafiki zake si kazi ndogo, na kuitamani Manchester akiwa Houston si sawa na kusubiri basi Northampton mwezi wa kwanza saa moja asubuhi bado giza.

Viza. Hapa umekosea mara mbili na nashukuru umeniandikia kabla hujafanya lolote. Kwanza, kipato cha mumeo cha Marekani hakihesabiki. Apate mara mbili, apate mara kumi, ile kazi anaiacha Houston kwa hiyo wao hawaiangalii, wanaangalia mshahara wako wewe uliye raia, paundi 29,000 kwa mwaka, ilipandishwa kutoka 18,600 Aprili 2024. Pili, asije kama mgeni mkitegemea kumbadilishia huko. Akiingia kama mgeni hawezi kugeuza iwe viza ya mwenzi akiwa ndani, watamrudisha aombee nje, na mmeshaharibu muda na imani. Kuja kutembea aje, hiyo ruhusa yao ya ETA anaipata kwenye simu, ila atembee kweli, aondoke.

Njia yako iko hapa, na ni nzuri kuliko unavyodhani. Mwingereza anayerudi na mwenzi wake anaruhusiwa kutumia mambo mawili kwa pamoja: kwamba huko aliko sasa ana kazi yenye mshahara unaofika kile kiwango na ameifanya kwa miezi sita au zaidi, hiyo unayo tena na chenji, na kwamba ana ofa ya kazi Uingereza inayolipa 29,000 au zaidi na inaanza ndani ya miezi mitatu tangu arudi. Ile Band 5 iliyokufanya ufunge laptop ndo inayomleta mumeo. Fungua laptop. Kabla ya ofa unahitaji NMC, baraza la manesi la Uingereza, wakurudishe kwenye rejista, na hapo ndo penye foleni, kwa hiyo leo, siyo kesho, waandikie uulize wanataka karatasi gani kutoka bodi ya Texas na kwa mwajiri wako. Ukipata ofa, yeye anaombea Houston, jibu la kawaida ni kama wiki 12, kuna kulipa zaidi kuharakisha.

Ukichelewa kupata ofa, njia ya pili ni wewe na watoto mtangulie, ufanye kazi miezi sita, hati za mshahara sita mkononi, ndo yeye aombe. Hesabu hapo karibu mwaka mzima mbali mbali. Mimi siipendi hiyo. Mwanaume ambaye tayari anahisi anaachwa, ukipanda ndege na watoto wake wawili, hata mkiwa mmekubaliana, ile nyumba tupu itamsemesha maneno yake.

Gharama tayarisheni. Ada ya viza ni kama paundi 2,000 na mchango wa NHS ni 1,035 kwa mwaka, kwa viza ya kwanza ya miezi 33 wanakata 3,105 kwa mkupuo, kwa hiyo yeye peke yake anapita paundi 5,000, na baada ya hapo kuna kuongeza muda mara moja mkilipa tena, ndo baada ya miaka mitano aombe ukaazi wa kudumu. Mtihani wa Kiingereza hafanyi, Wamarekani wamesamehewa (ingawa hicho wanachoongea Texas, haya tuache). Pa kukaa, kwa mama panatosha kama vyumba havijabanana, barua ya ruhusa itoke.

Watoto wako ni Waingereza tangu walipozaliwa, maana uraia wako ulishaupata huko huko Uingereza kabla hawajazaliwa, kwa hiyo usiwaombee viza, waombee paspoti, na uanze mapema maana ya kwanza kutoka nje ina karatasi nyingi. Usiwapandishe ndege na ya Marekani ukidhani itatosha. Tangu 25 Februari 2026 raia wa Uingereza mwenye uraia mwingine anatakiwa aoneshe paspoti ya Uingereza au hati inayothibitisha haki yake, na ETA hapewi kwa sababu si mgeni.

Haya, kazi ya mumeo. Mwambie, anayesema Uingereza hakuna AC hajaingia supamaketi wala hospitali wala ofisi za London. Nyumbani ndo hakuna, ila tarehe 19 Julai 2022 Coningsby kule Lincolnshire ilifika nyuzi 40.3, ndo mara ya kwanza nchi ile kuvuka 40, na watu hawajasahau. Na serikali inatoa ruzuku watu wang'oe boila za gesi waweke pampu za joto, na pampu ya joto ni nini kama si AC iliyogeuzwa? Kazi ni ile ile ya mikono yake. Atakachohitaji ni cheti cha kushika gesi za friji, wanakiita F-gas, bila hicho hagusi mtungi. Viza ya mwenzi inamruhusu kufanya kazi popote. Ila leseni yake ya Texas ataendeshea miezi 12 tu, na ya Marekani haibadilishwi kirahisi kama za nchi nyingine, atafanya mtihani wa nadharia na wa barabarani kama kijana wa miaka 17. Mwandae kisaikolojia. Mume wangu alifeli mara mbili na alikuwa ameendesha miaka ishirini, hiyo kesi nyumbani kwetu haijafungwa hadi leo.

Pesa sitakudanganya, mshahara wako utakatika karibu nusu. Ila weka na upande wa pili kwenye mizani, bima inayokatwa kila mwezi, ile pesa ya mwanzo unayolipa mwenyewe kabla bima haijaamka, na likizo, NHS inakuanzishia siku 27 na sikukuu 8 juu yake. Wewe na watoto mkirudi kuishi moja kwa moja mnatibiwa kuanzia siku mliyofika. Foleni za kumwona daktari bingwa ni ndefu kweli na daktari wa meno wa NHS mtamtafuta kwa tochi, kwa hiyo meno yote yatengenezwe Houston kabla ya kuondoka.

Nyumba msiuze sasa hivi. Mumeo ana haki, ile riba ni dhahabu. Ipangisheni. Kwa sheria ya kodi ya Marekani mkiuza nyumba mliyoishi miaka miwili kati ya mitano ya mwisho, faida hadi dola 500,000 kwa wanandoa haikatwi kodi, kwa hiyo mna kama miaka mitatu ya kuona maisha yanakwendaje. Na Uingereza, tangu Aprili 2025, mtu aliyekaa nje miaka kumi mfululizo akirudi anaweza kuomba asikatwe kodi kwa mapato ya nje kwa miaka minne ya kwanza, mnaingia wote wawili. Ina masharti yake, mtafute mhasibu anayejua pande zote mbili. Yeye ataendelea kujaza fomu za IRS, watu wa kodi wa Marekani, hadi kaburini, akaunti zenu za nje zikizidi dola 10,000 kwa jumla ziripotiwe, na usimfungulie ile akiba ya ISA ambayo kila mtu atawaambia ni tamu, Wamarekani hawaitambui.

Grinikadi sasa. Uvivu huo umekugharimu mwanangu. Ukihamia nje kabisa inakufa, hata kama kadi yenyewe tarehe haijaisha. Jaza N-400, fomu ya kuomba uraia, wiki hii, mtandaoni ni dola 710, ukiapishwa kabla ya Agosti alhamdulillahi, Uingereza haikatazi uraia wa pili. Muda usipotosha, omba kibali cha kurudi, ile fomu I-131, ukiwa bado ndani ya Marekani, kinakupa hadi miaka miwili, ila ujue kwamba ukihama kabla ya kiapo ombi la uraia linaweza kukwama. Kwa nini nakusukuma? Kwa sababu ya mama yake. Amekwambia ana mama wa miaka 72 na wewe umeniandikia nusu mstari. Siku mama yule atakapoanguka, mumeo atataka kurudi kwao, na siku hiyo wewe usiwe ndo kizuizi eti unahitaji kuombewa viza miezi na miezi. Ukimwambia, nimechukua uraia wa kwenu ili siku mama yako akituhitaji tuondoke kesho yake, hayo ni maneno tofauti kabisa na kumwambia turudi kwetu.

Na mama yako hawezi kusubiri fomu zote hizi, kwa hiyo kuna mambo ya wiki hii. Kaka yako apige simu halmashauri aombe mama afanyiwe tathmini ya mahitaji ya matunzo, ni haki yake kisheria, na wifi yako naye aombe tathmini ya mtunzaji, na yeye ni haki yake hata kama hajaajiriwa na mtu. Muulize kama mama anapata Attendance Allowance, posho ya mzee anayehitaji kutunzwa, haiangalii kipato, ajabu ni wazee wangapi wa kwetu wanakaa bila kuiomba kwa sababu wanaona aibu. Wewe usiitegemee Carer's Allowance, posho ya mtunzaji, ukifika, wanataka uwe umekaa nchini miaka miwili kati ya mitatu. Alafu angalia kazini kwako, mwajiri mwenye watu 50 na zaidi na wewe umeshatimiza mwaka, sheria inakupa hadi wiki 12 za likizo bila mshahara kumuuguza mzazi na kazi yako ipo. Chukua wiki tano au sita shule zikifungwa, nenda na watoto, mpumzishe wifi alale. Mumeo aje wiki mbili za mwisho. Si kwa kwenda Big Ben. Mpeleke akaone karakana za watu wa mafriji, apande basi, akae na mama yako ambaye maneno yanampotea, nadhani wataelewana kuliko nyinyi wote.

Usimpe jibu la kuchagua siku hizo. Mwache aone.

Hilo la kuchagua kati ya mama na mume nimeliruka makusudi, kwa sababu yeye hajakwambia uchague. Amekuuliza swali, narudi wapi, na hadi unaniandikia mimi saa nane usiku hujamjibu.

N.B. yako: friza, blenda na oveni waachie majirani, umeme wa kwao ni volti 120 na wa Uingereza ni 230, utaunguza vitu siku ya kwanza na transfoma ya friza ni bei kuliko friza. Vingine vyote vya nyumbani mlivyotumia zaidi ya miezi sita mtaviingiza bila ushuru mkiomba ule msamaha wa kuhamia, uombeni kabla ya mizigo kuondoka. Mbuzi ya nazi haina volti. Ifunge kwenye taulo, meno yake yasije yakatoboa begi, uiweke chini kabisa.

Shangazi